Wimbi Lisilosafiri

Maji ya ziwa letu yana mlango mmoja tu wa kutokea: Jinja, Uganda, unakoanzia Mto Nile. Hapo chini, mto unapopita juu ya miamba, hutokea wimbi linalosimama. Maji yanakimbia, wimbi halitembei. Wimbi hupanda mto kwa kasi ileile ambayo maji yanashuka nayo, basi hubaki palepale, karibu na mwamba uliolizaa. Upepo nao hufanya hivyo ukivuka Kilimanjaro: wingu hutulia kileleni kama kofia, ilhali hewa iliyomo inapita bila kukoma.

Basi wimbi ni nini, ikiwa si yale maji? Nadhani ni umbo ambalo mwamba huyapa maji yoyote yanayopita.

Kwetu Nansio swali hili si la darasani tu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Kilijengwa kwa abiria 101. Walikufa zaidi ya 220. Kati ya ajali hizo ni miaka 22. Manahodha wengine, abiria wengine, viongozi wengine. Wimbi lilelile.

Mwaka 2018 watu walikamatwa, na bodi ya TEMESA ikavunjwa. Sipingi. Binadamu si maji. Anajua anachofanya na anaweza kukataa. Lakini kubadilisha watu peke yake ni kubadilisha maji. Mwamba ni chombo kidogo kuliko mahitaji, na mama mwenye mzigo anayejua kwamba akiachwa gatini leo, mtaji umekwenda.

Kule Jinja, maporomoko ya Bujagali yalitoweka bwawa la umeme lilipojengwa. Maji ni ya ziwa lilelile; miamba ilifunikwa, mawimbi yakafa. Kivuko kikubwa zaidi kilicholetwa Ukara baada ya msiba kiligusa mwamba kwa namna hiyo.

Haki, basi, ina kazi mbili. Ya kwanza humtazama mtu, nayo huja na kelele. Ya pili hutazama sakafu ya mto, na haina wa kufungwa pingu: ni kuhesabu vichwa gatini kila siku ya gulio, hasa miaka ambayo hakuna aliyekufa.