Kiti cha Eli

Somo: 1 Samweli 1:9–18

Jumanne ni siku yangu ya kusikiliza watu. Ofisi ya ushauri ya usharika ni chumba kimoja nyuma ya kanisa: meza, viti vitatu, na dirisha linaloutazama Mlima Meru, mawingu yakiruhusu. Watu huniletea mkopo wa vikoba uliokwama, ndugu wanaogombea kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba, mume aliyekwenda Mirerani kutafuta tanzanite na sasa simu yake haipatikani. Jioni natoka nimechoka kuliko aliyeshinda akilima.

Mwaka jana aliingia bibi mmoja kutoka Ilboru na mjukuu wake wa miaka tisa.

"Shikamoo, koko," nikamsalimu.

Akaitikia, akaketi, akasema kwa haraka kama aliyekariri njiani: "Baba Mchungaji, mwombee huyu. Shuleni wanasema ana pepo. Hatulii, kazi hamalizi, kila wiki anachapwa."

Hata kabla hajamaliza, mtoto alikwisha fungua droo yangu, akatoka nje, akarudi, akaniuliza kengele ya kanisa ina uzito gani. Nikamtazama, nikaona utovu wa adabu. Nikamwombea, kisha nikamwambia bibi aache kumdekeza. Nililisema hilo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Kuhani Eli naye alikuwa ameketi kitini pake, penye mwimo wa mlango wa hekalu. Hana alikuwa akiomba; Eli akaona midomo yake inacheza bila sauti, akakata shauri kwamba mwanamke yule amelewa. Wahubiri wengi humsema sana kwa hilo. Mimi siku hizi namwonea huruma, maana alichokiona kilikuwepo kweli. Midomo ilikuwa inacheza. Alichokosea ni kutoa maana kabla ya kuuliza. Hana akamjibu kwa heshima, na mzee yule akakubali kusahihishwa palepale, akambariki.

Hana wangu alikuwa koko yule. Baada ya wiki mbili alirudi na daftari la hesabu. Kila ukurasa una tarehe kwa mwandiko mzuri, hesabu ya kwanza sahihi, ya pili sahihi, ya tatu imekatikia njiani. Daftari zima liko hivyo.

"Pepo gani huyu, baba, anayejua hesabu mbili tu?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia simu daktari wa afya ya akili ninayefahamiana naye, naye akaniuliza maswali ambayo mimi sikuwa nimeyauliza. Alianza lini? Ni shuleni tu, au na nyumbani? Analala vizuri? Anasikia vizuri? Amewahi kuugua degedege? Ndipo akanitajia ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuizuia akili isiruke, au mwili usihangaike, au vyote viwili. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoithibitisha. Daktari huuliza mzazi, huuliza mwalimu, na huangalia kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, na zinaonekana mahali pawili au zaidi. Yaani uganga wake mkubwa ni kule kuuliza kulikonishinda mimi na Eli.

Tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Duniani watafiti hukadiria kuwa karibu mtoto 1 kati ya 20 anayo, na kwa sehemu kubwa hurithiwa, kama urefu unavyorithiwa. Malezi mabaya hayaileti, ingawa malezi mazuri hupunguza shida zake.

Na kuna jambo lililonigusa zaidi, kwa kuwa koko aliniambia mjukuu wake anapochunga hajawahi kupoteza mbuzi hata mmoja. Mwaka 2008 ulitoka utafiti uliofanywa kaskazini mwa Kenya kwa Waariaal, wafugaji walio jamaa ya Wasamburu na Warendille. Watafiti walitafuta aina moja ya jeni ambayo imewahi kuhusishwa na ADHD. Miongoni mwa wanaume waliokuwa bado wanahamahama na mifugo, wenye jeni hiyo walikuwa na afya nzuri ya mwili kuliko wasio nayo. Miongoni mwa waliokwisha kukaa vijijini, hali iligeuka: wenye nayo walikuwa wamekonda zaidi. Ni utafiti mmoja, tena wa watu wachache, nami sitaujengea fundisho. Lakini tangu niusome, nikipita penye darasa la watoto themanini waliobanana kwenye madawati, namkumbuka yule mwenye mbuzi.

Tiba ipo. Mwaka 1937, daktari Charles Bradley, katika mji wa East Providence huko Marekani, alikuwa akiwatafutia watoto dawa ya maumivu ya kichwa; akashangaa kuona dawa ya kuchangamsha mwili inawatuliza na kuwafanya wasome. Watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu. Dawa inayotumika zaidi leo ni methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. Huweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo haitolewi bila daktari kumfuatilia mtoto. Mwaka 2019, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, likisema ushahidi hautoshi. Wakubwa hao wanabishana. Huku kwetu mzazi anahitaji kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Na kipo. Mkalishe mbele, karibu na mwalimu. Mtume jambo moja, akimaliza ndipo umtume la pili. Msifu palepale anapofanya vema, usingoje jioni. Walimu, Chuo cha Patandi kinachofundisha elimu maalumu kiko hapa hapa Arumeru. Waliosoma pale waulizeni. Na fimbo? Kanuni za mwaka 2002 zinasema isizidi viboko vinne, kwa kosa kubwa tu, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Kushindwa kukaa kitako si kosa kubwa.

Mjukuu wa koko sasa anahudhuria kliniki, anakaa dawati la mbele, na hesabu ya tatu anaimaliza, mara nyingine hata ya nne. Droo yangu bado anaifungua. Nilimwomba bibi yake msamaha mbele ya mtoto huyo, naye mtoto akaniuliza tena uzito wa kengele. Tukaenda kuiangalia pamoja. Hakuna aliyeandika uzito wake popote.

Maombi sijayaacha, wala ninyi msiyaache. Ila Jumanne ofisi inafunguliwa saa tatu asubuhi. Mkimleta mtoto, njooni na madaftari yake.