Kalsiamu Haitoi Amri

Husemwa kwamba kalsiamu huamrisha seli. Kauli hiyo inafunika swali zito la falsafa: maana ya ujumbe hukaa wapi, kwa mjumbe au kwa anayeupokea? Ndani ya seli iliyotulia, kalsiamu huru ni haba mno, karibu mara 10,000 pungufu kuliko iliyo nje, kwa kuwa pampu za kwenye utando huitoa bila kukoma, tena kwa gharama ya nishati. Njia zake zikifunguka, humiminika ndani. Ioni nne zikinasa kwenye protini iitwayo kalmodulini, protini hiyo hugeuka umbo na kuviamsha vimeng'enya. Katika msuli, kimeng'enya kimoja huanzisha uvunjaji wa glaikojeni ili nguvu ipatikane. Katika seli za kinga, kingine, kalsinyurini, huondoa fosfati kwenye protini ambayo huingia kiini na kuwasha jeni za ulinzi. Ioni ni ile ile, matokeo mbali kabisa. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini ni jambo gani, wajuao ni waliofunzwa kuisikiliza. Ndiyo maana nashikilia kwamba maana iko kwa mpokeaji.

Mtu atapinga: mbona kalsiamu ikiondolewa kazi husimama? Kweli. Mwaka 1883 huko London, Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura uliowekwa katika maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu hushindwa kudunda. Hata hivyo, kitu kuwa cha lazima hakukifanyi kuwa chanzo cha maana. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: huenda “ujumbe” ni neno letu tu, nasi tunaipachika kemia sifa za watu. Lakini mtazame mgonjwa aliyepandikizwa figo anayetumia siklosporini. Kalsiamu hupanda ndani ya seli zake za kinga kama kawaida, ila dawa imekizuia kile kimeng'enya, kalsinyurini, na shambulio dhidi ya figo ngeni halianzi. Ishara imefika, haikupokelewa. Tofauti hiyo ipo hata pasipo mtu wa kuitazama, kwa hiyo si tamathali ya usemi.

Hoja hii haithibitishi kuwapo kwa roho, na muumini asiitumie hivyo. Inachokanusha ni dai kwamba ukishaorodhesha madini ya mwili umemaliza kumweleza binadamu. Dai hilo halisimami hata kwa seli moja.