Israfu Ndani ya Kasha la Kompyuta

Je, Muislamu akitumia dola 3,000 kuunda kompyuta ya kuchezea gemu, amefanya israfu? Mimi huunganisha kompyuta hapa Mombasa, na vijana wanaoniuliza swali hili hawafanyi mzaha; wengi wao ni watu wa kuswali jamaa. Mmoja aliniambia waziwazi: "Ami, pesa ni zangu, nimezichuma halali kwa kazi ya usiku. Kosa liko wapi?"

Wapo wanaojibu haraka kwamba mchezo wenyewe ni upuuzi. Sikubaliani nao. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha. Mchezo usiokula sala wala haki ya mtu sioni ubaya wake. Kinachobaki ni kiasi, na hapo ndipo ufundi wangu unapokutana na dini yangu.

Aya ya 67 ya Sura Al-Furqan inawasifu wanaotumia mali bila kupita mpaka na bila ubahili, wakasimama kati ya hayo mawili. Naamini katikati hiyo haipatikani kwa kuangalia bei peke yake. Lazima uangalie kinachomfikia mtumiaji, machoni na mikononi mwake.

Kijana yule aliandika kadi ya picha ya RTX 5090 juu kabisa ya orodha yake ya vipuri. Kadi hiyo iliingia sokoni Januari 2025 kwa dola 1,999, na hula umeme hadi wati 575. Nikamuuliza skrini yake ni ipi. Kumbe ni ya 1080p, hezi 60. Skrini hiyo huonyesha picha kamili 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikichora 200, zinazozidi hazioni. Lakini amezilipia dukani, atazilipia tena kwa stima, kisha atanunua feni za kutoa joto lake. Hiyo ni israfu, nami nasema bila kusita. RX 9070 XT ilitoka Machi mwaka huohuo kwa dola 599, ina kumbukumbu ya GB 16, na hula wati 304. Akiichukua hiyo pamoja na skrini mpya ya 1440p yenye hezi 165, ataona tofauti kwa macho yake na bado atabaki na pesa. Kadi kubwa ina bei zaidi ya mara tatu, na katika gemu nyingi kasi yake haifiki mara tatu.

Prosesa nazo ni hivyohivyo. Ryzen 9 9950X3D ina viini 16 na ilitoka kwa dola 699; Ryzen 7 9800X3D ina viini 8, dola 479. Kwenye gemu zinakaribiana sana, kwa kuwa kinachoisaidia gemu hapo ni ile keshi kubwa iliyo karibu na viini, na zote mbili zinayo. Anayehariri video kila siku ana haja ya kweli na viini 16. Al-Ghazali, katika Al-Mustasfa, alipanga masilahi kwa daraja: dharura, haja, kisha mapambo. Taa za rangi ndani ya kasha ni daraja la tatu. Siziharamishi, ila zisile fungu la dharura.

Na dharura ni pawa saplai. Hapa ndipo ubahili unapojificha: mtu anatoa mamia ya dola kwa kadi, halafu anachagua pawa saplai nyepesi isiyo na jina ili aokoe dola 40. Stima yetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Pawa saplai mbovu ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi na kadi yenyewe.

Hata hilo neno la pesa ni zangu halijamaliza hesabu. Baadhi ya kapasita ndogo za elektroniki hutumia tantalum, na tantalum hutoka kwenye koltani. Huko Rubaya, Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, watu huichimba kwa mikono yao katika ardhi inayogombewa kwa bunduki. Ukinunua nguvu usiyoitumia, umepoteza na jasho la watu ambao hujawahi kuwaona.

Upande wangu mimi kuna amana. Faida yangu ni kubwa zaidi nikiuza ya ghali. Lakini Mtume alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, alimkemea muuzaji kwa kuficha. Kunyamaza wakati mteja analipia kisichoweza kuonekana kwenye skrini yake naona kuko karibu sana na ufichaji ule.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi yeyote, mtajie kwanza gemu unazocheza, skrini yako na pesa ulizonazo, ndipo mzungumze majina ya kadi. Nawe fundi mwenzangu, muulize mteja skrini yake kabla hujamtajia bei.