Laptopu haijui bando

Mafinga mwezi wa saba baridi yake ni ya kuuma. Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari huko, anasema Jumatano ile aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanyoosha mkono kuichukua simu aliyoiacha kwenye chaja kando ya laptopu, akaikuta ya moto. Hakushtuka. Aliikumbatia kwa viganja viwili akaota, kama mtu anavyoota kikombe cha chai, akajisemea kwamba leo hata simu imemhurumia.

Simu iliyolala usiku kucha haina sababu ya kuwa na joto. Ile haikuwa imelala. Ilikuwa imekesha ikifanya kazi ambayo hakuna aliyeituma.

Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake. “Andika tu Mjomba, ila jina langu liache,” aliniambia. Nami nimekubali upesi kwa sababu ninayo yangu ya kukiri humu ndani.

Anasoma shahada ya uzamili huku akifundisha. Siku hiyo saa nne asubuhi alitakiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti mbele ya jopo la wahadhiri, kwa njia ya Zoom. Kwenda chuoni kungemla nauli, malazi na siku kadhaa za ruhusa, hivyo habari ya kuwasilisha akiwa nyumbani aliipokea kwa shangwe. Kwake hakuna intaneti ya waya. Ana simu ya Android, huwasha hotspoti, laptopu inadaka, maisha yanaendelea. Jumatatu alinunua bando la wiki la GB 5 na kupiga hesabu: mkutano wa video wa saa moja unaweza kula GB 1 hivi, kwa hiyo atabaki na chenji. Kwa upande wa mkutano hesabu hiyo haikuwa na kasoro. Tatizo ni kwamba aliupigia mkutano peke yake, kana kwamba hakuna mlaji mwingine mezani.

Jumanne jioni aliwasha hotspoti amtumie msimamizi wake slaidi. Akafanya mazoezi ya kuzungumza mbele ya kioo cha laptopu hadi saa tano usiku, na ili isizimike katikati ya mazoezi alikuwa ameiwekea isilale kabisa ikiwa kwenye umeme. Kisha usingizi ukamchukua yeye. Laptopu ikabaki wazi, hotspoti ikabaki imewashwa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunaotumia intaneti ya simu kwenye laptopu hatujawahi kuambiwa na mtu. Simu inajua kwamba intaneti yake ni ya kununua kwa kipimo. Kwa hiyo inajibana: programu nyingi husubiri Waifai ndipo zijisasishe, na hata nakala za akiba za picha mara nyingi husubiri Waifai. Laptopu ikiunganishwa na hotspoti haioni simu wala haioni bando. Inaona Waifai basi, na kwa laptopu ya Windows, Waifai yoyote ni maji ya bure mpaka wewe uiambie vinginevyo. Ni sawa na kumkaribisha mgeni aliyezoea bomba lisilokatika katika nyumba ya kuteka maji kisimani. Ataoga kwa mtungi mzima na hana ubaya wowote moyoni, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kisima kiko umbali gani.

Wiki moja kabla, mpwa wangu alikuwa amehamishia kwenye laptopu picha za kipaimara cha mwanawe, mia nne na kitu, akaziweka kwenye folda ya picha kama mtu yeyote angefanya. Folda hiyo ilikuwa imeunganishwa na OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft linalotoa GB 5 bure. Siku alipoinunua laptopu aliulizwa kama angependa mafaili yake yalindwe, akabonyeza ndiyo. Nani angekataa kulindwa? Basi usiku ule watoto wa kipaimara walipanda mmoja mmoja kwenda mbinguni kwa bando la mama wa mmoja wao, polepole, kwa sababu kupandisha mafaili kwenye mtandao wa simu mara nyingi ni kazi ya kusuasua kuliko kuyashusha. Hilo ndilo joto aliloota alfajiri.

Simu ilikuwa na meseji pia. Iliingia saa kumi usiku, ya mtandao wenyewe, ikimweleza kwamba ametumia asilimia 75 ya bando. Aliiona. Ila ilikuwa imebanwa katikati ya meseji nyingine nne: shinda pikipiki, cheza bahati nasibu, pata mlio wa simu, kopa salio. Akazifagia zote kwa kidole kimoja. Simlaumu kwa hili hata kidogo. Kampuni ikikutumia meseji za matangazo kutwa nzima, siku ikikutumia ya maana utaitupa pamoja na takataka.

Akafunika laptopu, akaenda shuleni kusaini na kufundisha kipindi cha kwanza, akarudi saa tatu na nusu. Alipoifunua tu, ikaamka na jambo lake. Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya kwao. Jumanne ya pili ilikuwa jana yake. Laptopu iliyoamka Jumatano asubuhi ikiwa na “Waifai” ilikuta mzigo mpya unasubiri, na kwa vile miezi iliyopita ilikuwa haijasasishwa vizuri, mzigo haukuwa mdogo. Feni ikaanza kuvuma. Alisikia, akadhani ni Zoom inajiandaa.

Saa nne kamili jopo likaingia. Slaidi ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili, mwenyekiti akamwambia sauti yake inakatika. Akasogea karibu na dirisha. Ya tatu, simu ikatetemeka mezani: bando limekwisha. Hakusoma, alikuwa anaeleza sampuli. Baada ya bando likafuata salio, shilingi 6,000 alizoziweka kwa ajili ya kumpigia mama yake ambaye alikuwa hajisikii vizuri. Zilikwenda katika muda ambao mtu anaeleza wilaya mbili alizochagua na kwa nini. Kisha sura za wahadhiri zikaganda kwenye skrini, mmoja akiwa amefumba macho nusu.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniuma zaidi, maana bado nafasi ya kujiokoa ilikuwepo. Alichukua simu, akalipa kwa pesa za simu, akanunua GB 1 nyingine. Vidole vinatetemeka, namba ya siri akaikosea mara moja. Akarudi hewani. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, “Mwalimu, karibu tena, tuendelee.” Akaendelea kama dakika saba.

Piga hesabu nami. Mtandao wa 4G wenye kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, ambao si wa ajabu mjini, hushusha MB 2.5 kila sekunde. Kwa dakika ni MB 150. GB 1 haifiki dakika saba. Laptopu ilikuwa na njaa ileile, naye alichofanya ni kuijazia sahani. Angezima Waifai ya laptopu na kuingia Zoom kwa simu yenyewe, ile GB 1 ingemfikisha mwisho na ikabaki. Alikuwa na programu ya Zoom kwenye simu! Lakini mtu akiwa mbele ya jopo hafikirii hivyo, nami nisingefikiri.

Jopo lilimsubiri, kisha likaahirisha. Kikao kingine kilipangwa mwezi wa tisa.

Nilipanda Mafinga Jumamosi yake. Tukafungua laptopu, tukaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, mahali panapoonyesha matumizi ya data. Windows huweka orodha ya kila programu na ilichokula kwa siku 30 zilizopita, nami ningependa kila msomaji aitazame yake leo kabla hajalala. Mwezi huo alikuwa amenunua jumla ya GB 15. Mfumo wenyewe wa Windows ulikuwa umekula zaidi ya GB 5. Ghala la picha, GB 4 na ushei. Kivinjari, karibu GB 4. Zoom, ambayo ndiyo aliyoinunulia bando, ilikuwa chini kabisa kwa aibu na MB zake 64.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, “Mjomba, nimemdhulumu mtoto wa watu.”

Ndipo nikalijua jambo ambalo hakuwa amenisimulia. Tangu mwezi wa sita bando lake la wiki lilikuwa likiisha siku ya tatu. Kwanza alisema mtandao unamwibia, kama tunavyosema wote. Kisha akamshuku kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha nne, ambaye siku moja alimwomba hotspoti apakue mitihani ya zamani. Nywila ilikuwa 12345678, ile ya kila mtu. Akaibadilisha, na salamu kwa nyumba ile akazipunguza. Wiki iliyofuata bando likaisha siku ya tatu vilevile. Hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko joto na kuliko meseji. Mlango umeufunga, mshukiwa yuko nje, na unga bado unapungua. Hapo ilibidi atazame ndani. Lakini ukishampata wa kumlaumu, kutafuta zaidi ni kazi.

Na mimi? Mwaka jana nilipiga simu huduma kwa wateja ya mtandao wangu, nikafoka. Binti aliyepokea aliniuliza kwa heshima, “Baba, kuna kifaa kingine umekiunganisha kwenye simu yako?” Nikamjibu kwamba intaneti naitumia mimi mwenyewe na laptopu yangu mwenyewe. Alikuwa amenipa jibu mkononi, nami nikakata simu nikimwona mjinga. Jumamosi ile niliporudi mahali nilipofikia nilifungua laptopu yangu. Sitataja namba.

Tiba yenyewe ni fupi kuliko kisa. Ukiwa umeunganishwa na hotspoti, ingia kwenye mipangilio ya Waifai hiyo, fungua sifa za mtandao uliojiunga nao, ushuke mpaka kwenye swichi inayoiambia Windows kwamba muunganisho huu unapimwa. Iwashe. Masasisho mengi yatasubiri, na OneDrive itasimama na kukuambia kwa nini imesimama. Wenye Mac ya mfumo wa Ventura wa mwaka 2022 na kuendelea wanayo swichi ya kubana data kwenye mipangilio ya Waifai.

Ila tusiiamini swichi kupita kiasi. Imefungwa kwenye jina la mtandao mmoja: ukibadilisha jina la hotspoti, au ukiazima ya rafiki, unaanza upya. Ukitumia waya wa USB, ambao mimi naupenda kwa sababu simu inachajiwa papo hapo, Windows inauona kama mtandao wa waya, nao unatakiwa uwekewe alama yake. Na kivinjari hakijali chochote. Video utakayoifungua kwenye skrini kubwa mara nyingi itajichagulia picha safi kuliko kwenye simu, na filamu ya ubora wa juu inaweza kufika GB 3 kwa saa. Hapo ni jicho lako tu, na mazoea ya kuizima hotspoti kabla ya kulala.

Wala msinielewe kwamba masasisho ni adui. Yanaziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanayatafuta. Windows hukuruhusu kuyasimamisha kwa wiki kadhaa, na mpwa wangu sasa ana utaratibu: Jumamosi moja ya mwezi anaibeba laptopu mjini, kwenye duka la intaneti linalolipisha kwa saa, anaiacha inywe ishibe huku yeye akisahihisha madaftari.

Mwezi wa tisa aliwasilisha. Dakika kumi kabla alinitumia picha ya skrini, ile swichi ikiwa imewashwa, na maneno mawili: “Nimeibana, Mjomba.” Jopo lilimpa marekebisho ya kawaida, na bando lilibaki.

Kijana wa jirani bado hajapewa nywila mpya. Nilipomuuliza sababu, mpwa wangu alisema kila jioni anapanga kwenda, anafika uani, anaona aibu, hajui pa kuanzia.