Kipimo cha Jamvi na Kipimo cha Upepo



Watu wengi wanaposikia habari ya kupunja vipimo, fikira zao huenda moja kwa moja sokoni, kwa mwenye duka anayegusa mzani kwa kidole. Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya watu wa namna hiyo, na kila mtoto wa chuoni anaijua. Lakini liko swali ambalo aghalabu hatujiulizi: Je, mtu aliyetoa kipimo kisicho sawa, wala asipate hata senti moja kwa kukitoa, naye ni mpunjaji?

Swali hili lilinifika mimi mwenyewe. Tulitaka kuezeka upya madrasa yetu iliyo karibu na bahari. Kijana mmoja niliyemsomesha, ambaye sasa ni mhandisi, alijitolea kutupigia hesabu ya nguvu za upepo, ili tujue paa lifungwe ukutani kwa vyuma vya namna gani. Akaniuliza ukubwa wa jengo. Nikamjibu pale pale nilipoketi: "Mita 12 kwa 8." Sikuwa na shaka, kwani ndicho kipimo nilichonunulia majamvi.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Maalim, upepo haukai juu ya jamvi. Naomba tupime kwa nje."

Tukapima. Kutoka ukuta wa ndani hadi ncha ya upenu palikuwa na sentimita 60 kila upande. Basi paa lilikuwa mita 13.2 kwa 9.2. Mimi nilitaja mita za mraba 96, na kumbe ni 121. Na kimo cha jengo nilikikadiria kwa upande wa mlangoni, hali nyuma ardhi inateremka na ukuta umezidi mita nzima. Na kadiri unavyopanda juu, ndivyo upepo unavyozidi nguvu.

Akanieleza kwamba upepo hausukumi tu. Hupita juu ya paa ukalivuta kwenda juu, na upenuni hulipiga kwa chini pia. Dirisha la upande wa upepo likiwa wazi, na ya pili yake yamefungwa, upepo huingia ndani ukalisukuma paa kama mkono. Tena kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne: upepo wa kilomita 72 kwa saa hukandamiza kiasi cha kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na ule wa kilomita 144 kiasi cha kilo 100. Basi zile mita 25 nilizozisahau zingeweza kuwa tani mbili na nusu zisizohesabiwa, juu ya vichwa vya watoto.

Pengine mtu atasema: "Upepo huo huku kwetu hauji." Unguja ilipigwa na kimbunga mwezi wa Aprili 1872, na Lindi mwezi wa Aprili 1952. Baina yake ni miaka 80. Mtu aweza kuzaliwa na kuzeeka asikione kimbunga, na paa lake likamfunika mjukuu wake siku kitakapokuja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mimi sikusema uongo. Mita 12 kwa 8 ni kweli, lakini ni kweli ya jamvi. Jibu sahihi la swali jingine, likiwekwa mahali pasipo pake, hudhuru sawa na uongo. Aliyepima kwa bidii kisha akakosea ana udhuru. Aliyeweza kupima akakisia, huyo hakukosea, bali amepuuza. Wala si kweli kwamba hakupata faida: alipata raha ya kutonyanyuka kitini. Alijitimizia raha yake, akawapunguzia wengine usalama wao. Na huo ndio upunjaji wenyewe.

Tena aliyepunjwa sokoni aweza kurudi na kibaba chake akadai. Mtoto aliyeketi chini ya paa hajui kwamba pana kipimo, seuze kukidai. Basi amana yake ni nzito zaidi.

Kutawakali ni wajibu wetu, lakini mahali pake ni baada ya kupima. Ewe ndugu yangu, ukiulizwa kipimo ambacho roho za watu zitakitegemea, usijibu ukiwa umeketi. Simama ukapime.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.