MZEE MMOJA, MAGONJWA MATATU

Khutuba ya Ijumaa, mwezi wa Shaabani. Jamaa ya Waislamu, Kabongo.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba tukiwa dhaifu, akatupa nguvu, na baada ya nguvu akaturudishia udhaifu na mvi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, watu wake na masahaba wake. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu, nawausia pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu. Ramadhani inakaribia, na kuna neno ambalo nataka tulimalize kabla haijaingia.

Mnamkumbuka mzee wetu aliyeanguka hapa msikitini Ramadhani iliyopita. Ilikuwa sala ya Alasiri, rakaa ya tatu. Sitamtaja jina, lakini yeye mwenyewe ameniruhusu kueleza habari yake. Jasho baridi lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji, na wengine walikwisha kuanza kusoma Inna lillahi. Infirmie mmoja wa jamaa yetu alikuwa katika safu ya nyuma. Mzee alipofungua macho, alimnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, kisha vijana wakampeleka hopitali kwa kinga.

Nyumbani kwake tulikuta masashe matatu ya dawa. Moja la tansio, alilopewa hopitali. La pili la ugonjwa wa sukari, mtoto wake alimtumia kutoka Kamina. La tatu la magoti, alijinunulia mwenyewe sokoni. Na chini ya kitanda, chupa ya mizizi. Kila mtu aliyempa dawa aliujua ugonjwa mmoja tu. Hakuna hata mmoja aliyemjua mzee mzima.

Na mimi imamu nina sehemu yangu katika jambo hili. Kabla ya mwezi kuandama alinifuata mlangoni, akasema: «Imamu, mimi na kidonge changu cha asubuhi, nifanye namna gani?» Nikamjibu huku navaa viatu: «Baba, saumu ni subira, Mungu atakusaidia.» Sikumuuliza ni kidonge gani. Nimemwomba Mungu msamaha, na mzee nimemwomba msamaha mbele ya watoto wake. Leo naomba msamaha mbele yenu.

Infirmie wetu alinieleza baadaye, nami nawapa kama nilivyopokea. Kuna dawa za sukari, kama glibenklamide, ambazo zinaendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Mtu akizimeza asubuhi halafu akakaa mpaka Magharibi bila kula, sukari yake inashuka mpaka anazimia, na anaweza kufa. Na zile dawa za magoti, diklofenaki na ibuprofene, zinapunguza maumivu, ni kweli, lakini zikimezwa kila siku zinapandisha tansio na kuharibu figo. Deksametazone na predinizone, ambazo wengine wanazipenda kwa sababu zinaleta hamu ya kula na kunenepesha, zinapandisha sukari na tansio pamoja. Basi mzee wetu kwa mkono wa kulia alikuwa anashusha tansio, na kwa mkono wa kushoto anaipandisha. Alidhani dawa ya hopitali haina nguvu, akataka kuiacha.

Tusiseme ni mambo ya Kabongo tu, au ni uchawi wa jirani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 3 duniani ana tansio, na karibu nusu yao hawajui. Huko Scotland, nchi yenye hopitali nyingi, wataalamu waliangalia fishi za watu zaidi ya milioni 1 na laki 7, wakatoa habari mwaka 2012: wengi wa wale waliofika miaka 65 walikuwa na magonjwa mawili au zaidi yasiyopona haraka. Na katika mitaa ya maskini, jambo hilo lilianza miaka 10 au 15 mapema kuliko kwa matajiri. Ikiwa kule ni hivyo, sisi tunaolima kwa jembe mpaka mgongo unapinda tusishangae mtu wa miaka 50 kuwa na mwili wa mzee.

Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.): je, tujitibu? Usama bin Sharik amepokea kwamba aliwaamuru wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Angalieni hekima hiyo. Uzee hautibiwi, lakini tansio ya mzee inatibiwa, na sukari yake inatibiwa. Anayesema «huyu amekwisha zeeka, dawa ya nini?» amechanganya vitu viwili. Na dawa ya namna hii haina siku ya kumaliza. Utajisikia vizuri kwa sababu unaimeza, siyo kwa sababu umepona. Maombi na Kurani tunamsomea mgonjwa, lakini hatumwambii atupe vidonge.

Sasa habari ya saumu. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amemsamehe mgonjwa, na akaeleza fidia ya kulisha maskini. Ibn Abbas alifundisha kwamba fidia hiyo ni ya mzee mwanamume na mzee mwanamke wasioweza kufunga. Wanazuoni wamemweka pamoja nao mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautazamiwi kupona. Kwa madhehebu yetu ya Shafii ni mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku, kwetu ni mahindi. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka 10, alipozeeka hata asiweze kufunga alilisha maskini kila siku mkate na nyama. Nani kati yetu atasema Anas alikosa subira? Lakini siyo kila mwenye tansio anaacha kufunga. Wengine munganga anawabadilishia saa ya dawa tu, wanameza wakati wa daku na wakati wa futari. Ndiyo sababu nasema ulizeni sasa katika Shaabani, msingoje siku ya kuanguka.

Vivyo hivyo sala. Imran bin Husayn alikuwa mgonjwa, Mtume akamwambia asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Nimewasikia vijana wakicheka mzee anapoleta kiti. Wasirudie.

Ninyi watoto, mzigo mkubwa ni wenu. Mmoja analeta dawa, mwingine analeta chumvi. Nyumbani bukari inaliwa na samaki wa chumvi, na mzee mwenye tansio anapewa sahani ileile. Mloweke samaki, mbadilishe maji, na sahani yake muipunguzie chumvi. Chagueni mtoto mmoja, awe wa kike au wa kiume, anayejua dawa zote za baba na mama, saa zake, na siku zinapokwisha. Iwe amana juu yake. Na mama zetu ndio wanaoficha zaidi. Atasema «ni uchovu tu» ili feza ibaki kwa karo za wajukuu. Ayubu (a.s.) alikuwa mwenye subira, naye alimlalamikia Mola wake madhara yaliyompata. Kusema «naumwa» hakuvunji subira.

Baada ya sala ya leo infirmie wetu atakaa chini ya mwembe. Kila mzee, au mtoto wake, alete dawa zote katika sashe moja: za hopitali, za sokoni, na chupa ya mizizi pia, asiifiche, hakuna atakayemgombeza. Atapima tansio bure. Atakayeonekana ana shida tutamsindikiza hopitali Jumatatu. Akina mama watapokewa upande wa madrasa. Sadaka ya leo na ya Ijumaa ijayo ni kwa dawa za wazee watatu wasio na mtoto hapa Kabongo. Mtunza hazina atasoma hesabu mbele yenu.

Mzee wetu yuko hapa, katika safu ya kwanza, juu ya kiti. Ramadhani hii hatafunga, na mahindi ya fidia yake amekwisha kuyapima.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu, kwenu na kwa Waislamu wote. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.