Simu Ikikumbusha, Ni Nani Aliyekumbuka?

Ndugu msomaji, yafaa tuulizane swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo. Mtu akiiagiza simu yake imkumbushe ahadi, na simu ikamkumbusha kwa wakati wake, je, ni yeye aliyekumbuka? Na asipoitimiza ahadi ile, bado anayo haki ya kusema, "Nilisahau"?

Swali hili lilinifika Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti, ambako vyombo huondoka kwenda Mafia na vijiji vya delta ya Rufiji. Huko saa ya safari haipangwi na mwanadamu. Maji yakipwa, vijito vya mikokoni hubaki tope tupu. Yakijaa, nahodha hamngoji mtu. Tena kujaa kwa leo si kujaa kwa kesho, kwani maji huchelewa kadiri ya dakika 50 kila siku. Mzee mmoja wa delta, ambaye kwa muda tulikuwa tukizungumza mambo ya dini, aliniita nifike siku fulani. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa na deni alilotaka nilishuhudie kabla hajazidiwa. Nikaahidi. Nikaitega simu yangu ilie saa kumi alfajiri, nayo ikalia kama nilivyoiagiza. Nikainyamazisha, nikalala tena. Nilipofika bandarini chombo kilikwisha toka. Nilipata kingine siku ya tatu, nikawakuta watu matangani.

Mwanawe mkubwa akaniuliza kwa upole, "Sheikh, au ulisahau?" Jawabu jepesi lilikuwa tayari ulimini. Lakini mfukoni mwangu kilikuwamo kitu kilichojua ukweli. Nikamwambia, "La, sikusahau."

Wapo wasemao kwamba mtu anayeikabidhi simu kumbukumbu zake anaudhoofisha moyo wake, na kwamba wazee wetu walihifadhi yote kichwani. Sikubaliani nao. Kurani Tukufu, katika sura Al-Baqarah, iliwaamrisha Waislamu waandike deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa, na waweke mashahidi ili mmoja akikosea mwingine amkumbushe. Amri hiyo waliipokea Waarabu, watu waliosifika kwa kuhifadhi nasaba na mashairi marefu bila kalamu! Basi kuisaidia kumbukumbu si aibu. Na mwisho wa sura hiyo hiyo tumefundishwa kumwomba Mwenyezi Mungu asitushike tunaposahau au kukosea.

Hapo ndipo penye uzito. Aliyesahau ana mlango wa udhuru. Lakini anayeandika, au anayeitega kengele, ameufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kengele kulia nilikuwa mtu awezaye kusahau. Baada ya kulia nikawa mtu aliyechagua. Simu haikunipunguzia wajibu wangu hata kidogo, bali iliuongeza.

Deni la marehemu lilijulikana nusu tu. Aliyolipa kwa njia ya simu yalionekana katika jumbe za malipo, kila moja na tarehe yake na kiasi chake. Aliyolipa mkononi hayakuwa na shahidi, na mdai alisema hayakumbuki. Warithi wakalipa tena.

Usidhani nakushauri uikimbie simu. Hata simu ndogo ya tochi ina kengele na kalenda, wala hazihitaji vocha. Wengi wanazo na hawazitumii. Mwezi Novemba 2012 ilianzishwa nchini mwetu huduma iliyoitwa Wazazi Nipendeni: mama mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, akapokea bila malipo jumbe za kumkumbusha kliniki, kinga ya malaria na maandalizi ya kujifungua. Huo ni wema mkubwa. Lakini fikiri juu ya nyumba ambamo simu ni moja, nayo iko mfukoni mwa mume aliyekwenda kuvua. Ujumbe umefika katika simu. Je, umemfika mama? Mume akiusoma akanyamaza kwa kuwa nauli ya mtumbwi kwenda zahanati inamwuma, kosa ni la nani? Ujumbe ule ni amana ya mtu mwingine iliyowekwa mkononi mwake.

Na bipu nayo? Zamani mtu alivuka kijito kuuliza kama chombo kitaondoka. Leo mlio mmoja watosha, na nusu siku imeokolewa. Ni jambo jema, ingawa mwenye mshahara anayembipu mvuvi ili mvuvi ndiye apige amepata bure yake mfukoni mwa mwenzake. Ama muda unaookolewa, mimi siwezi kujisifu. Simu iliniepusha na safari ya jioni ya kwenda kuulizia chombo, nami nikautumia muda ule kulala.

Yule kijana bado tunaonana. Juzi nilimwambia kwamba nataka kwenda kwao bamvua ijayo, nikamwomba anibipu nahodha atakapokuwa anajiandaa. Akatabasamu, akasema, "Kubipu nitabipu, Sheikh. Lakini utaamka?"

Sikuweza kumjibu upesi.